Mwongozo wa Baiskeli ya Sebuleni kwa Mkazi wa Chekereni Asiyeshtuka

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye anajijua. Anaishi Chekereni, au Mabogini, au Oria, huko tambarare ambako majaruba ya mradi wa Lower Moshi yamekuwa yakinywa maji ya mifereji tangu 1987. Ana mshahara, au ameuza mpunga kwa bei ya kuridhisha. Kitambi kimeanza kumtangulia mlangoni. Na tangu Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa katika ardhi ya Afrika, hajatulia. Alimwona Tadej Pogačar akishinda mbio za kilomita 267 zilizopanda jumla ya zaidi ya mita 5,000. Aliona kwamba waliofika mwisho walikuwa 30 tu, wengine wote wameachia njiani. Mtu mwenye akili timamu angezima runinga na kumshukuru Mungu kwa uvumbuzi wa bodaboda. Yeye akashika simu na kuanza kutafuta bei.

Ndugu yangu, kaa hapa kidogo kabla hujalipa.

Kitu cha kwanza utakachouziwa siyo baiskeli. Ni mashine ya kuizuia baiskeli isiende popote. Wenyewe wanaiita trena. Unaifunga baiskeli juu yake, unapanda, unakanyaga mpaka moyo unataka kutoka, na mwisho wa saa nzima uko palepale, baina ya kabati la vyombo na picha ya harusi. Mashine hii ni mtoto wa baridi. Huko Ubelgiji na Uholanzi, mwezi wa Januari giza linaingia kabla ya saa kumi na mbili jioni, barabara ina barafu, na mvua inanyesha kwa ubavu. Mwendesha baiskeli wa huko akijifungia ndani, ana sababu. Wewe unaishi mahali ambapo jua linachomoza na kuzama kwa saa zilezile karibu mwaka mzima, na ambapo mtu akivaa sweta Julai watu wanamuuliza kama amepanda Machame.

Sasa fungua ramani, maana hapa ndipo mchezo unapokuwa mtamu. Chekereni iko kwenye mita mia saba na kitu juu ya usawa wa bahari. Lango la Marangu, wanapoandikisha wapanda mlima, halifiki mita 1,900. Tofauti ni zaidi ya mita 1,100. Huko Ufaransa kuna mlima unaoitwa Alpe d'Huez, wenye kona 21, ambao mbio za Tour de France zimeufanya kuwa kama Makka ya wapanda baiskeli. Unaanzia kwenye mita mia saba na kitu, unaishia karibu 1,850. Yaani Mungu alikuwekea Alpe d'Huez yako, kimo kilekile, kuanzia kwenye majaruba yenu hadi kwenye ndizi za watu wa Marangu. Tena yako ina maji ya mfereji njiani na mama anayechoma mahindi.

Kampuni ya Zwift, iliyoanza 2014, imetengeneza nakala ya mlima huo wa Wafaransa ndani ya kompyuta. Urefu wake ni kilomita 12 na kidogo, kupanda mita 1,036, na kona zote 21 zimo. Ada ni takriban dola 20 kwa mwezi. Utalipa dola hizo ili ukae sebuleni Chekereni, umegeuzia dirisha mgongo, ukipanda picha ya mlima wenye kimo karibu sawa na mwinuko ulioko nje. Kama hilo halikusumbui hata kidogo, wauzaji wanakutafuta.

Lakini tusiwe waongo. Zipo sababu za kweli za kupanda baiskeli ndani, hata hapa, na anayezicheka zote hajawahi kuendesha kati ya Moshi na Himo saa kumi na moja jioni. Barabara ile inabeba mabasi ya Dar es Salaam na Arusha, malori ya kwenda Holili, Hiace zinazosimama bila taarifa na bodaboda zinazokuja upande wako kwa sababu zinaona upande wao umejaa. Ukitoka kazini saa kumi na moja, giza linakukuta kabla hujamaliza jasho la kwanza. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo wa njia za mashambani unashika tairi, unajaa kwenye breki, na baiskeli inagoma kuzunguka kabisa hadi uichokonoe kwa kijiti. Na kama wewe ni mwanamke, unajua kwamba saa moja barabarani kwa nguo za kubana ina gharama ambayo dukani hawaiandiki: maneno ya kijiweni, kwenda na kurudi. Mtu mwenye sababu hizi asiombe radhi kwa yeyote. Ninachomwomba ni anunue kwa macho mawili.

Ushahidi kwamba ndani kunafaa upo pia. Februari 2016 Mathew Hayman, Mwaustralia, alivunjika mkono mashindanoni. Akajifungia gereji na trena, mkono ukiwa kwenye plasta, akakanyaga wiki baada ya wiki. Aprili mwaka uleule akashinda Paris–Roubaix, mbio za mawe zinazovunja watu wazima. Tangu hapo kila muuza trena anamtaja Hayman. Hawataji kwamba kabla ya ile gereji alikuwa na miaka zaidi ya kumi na tano ya mbio za kulipwa miguuni, na kwamba hiyo haipatikani kwa oda ya mtandaoni.

Haya, mashine zenyewe. Ziko aina tatu, na kila moja ina namna yake ya kukuaibisha.

Ya kwanza ni rola. Ni mabomba matatu yanayozunguka kwenye fremu. Baiskeli inakaa juu yake bila kufungwa popote. Hakuna umeme, hakuna intaneti, hakuna ada. Ukiacha kukanyaga unaanguka, ukimtazama mtoto anayekuuliza habari za daftari unaanguka. Anza kwenye mlango, ili kila upande uwe na fremu ya kushika. Ukishaizoea, rola inakufundisha kukanyaga kwa mviringo laini na kwenda mstari ulionyooka, mambo ambayo mashine za mamilioni hazifundishi. Tena fundi wa kuchomelea aliye makini, akipewa bomba zilizo duara sawasawa, beringi sita na mkanda wa mpira, anaweza kukutengenezea. Mimi ningeishia hapo. Ila najua hutaishia hapo.

Ya pili inabana tairi la nyuma dhidi ya kigurudumu cha chuma. Inanguruma, nyumba nzima inajua uko mazoezini, na inakula tairi kwa kasi ambayo lami ya Himo haijawahi. Watu wenye busara wanaiwekea tairi chakavu. Wasio na busara wanaweka tairi jipya la mashindano, kisha wanashangaa vumbi jeusi ukutani.

Ya tatu ndiyo kubwa lao. Unatoa gurudumu la nyuma kabisa, unaikalisha fremu juu ya mashine, mnyororo unazungusha gia zilizofungwa kwenye mashine yenyewe. Inapima wati, inaongea na kompyuta, na mlima wa kwenye skrini ukiinuka, pedeli zinakuwa nzito. Bei yake, ukijumlisha usafiri na ushuru, ni ya kununulia ng'ombe wa maziwa. Mtego wake uko kwenye maandishi madogo: gia za mashine lazima zilingane kwa idadi na za baiskeli yako, na ekseli ya nyuma lazima iwe ya aina inayokubaliwa. Ukikosea, kifaa cha kuunganisha kitatoka Ulaya, kitafika baada ya masika, na mashine itakuwa imekaa sebuleni miezi mitatu ikitundikwa nguo.

Umeme ukikatika? Swali zuri kwa mtu wa Moshi. Nyingi za aina hii ya tatu hupoteza ukinzani ghafla, na miguu inazunguka hewani kama ya mtu anayeota anakimbia. Zipo chache, kama Tacx Neo, zinazoweza kufanya kazi bila kuchomekwa ukutani, kwa nguvu ya anayekanyaga. Lakini ruta ya intaneti haina miguu. Utabaki unapanda gizani mlima usioonekana, huku mwenzako wa Osaka akiuona mwili wako wa kuchora umesimama katikati ya kona ya saba.

Sasa joto, na hapa naomba usikilize hata kama mengine uliyapuuza. Mwili wa binadamu hugeuza takriban robo ya nishati yake kuwa nguvu ya kukanyaga. Tena huyo ni aliyebarikiwa. Ukitoa wati 200 kwenye pedeli, kiwango cha kawaida kwa mtu anayejituma, mwili wako unazalisha wati 600 au zaidi za joto. Ni kama kukaa na pasi iliyowashwa ndani ya shati. Barabarani hulioni hilo kwa sababu mwendo wa kilomita 25 au 30 kwa saa unakuletea upepo wa bure. Sebuleni chini ya bati, saa tisa mchana, Chekereni, hakuna upepo. Jasho linadondoka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mapigo ya moyo yanapanda, wati zinashuka, nawe unadhani wewe ni dhaifu kumbe unaiva tu.

Kwa hiyo feni si anasa. Feni ndiyo kifaa cha kwanza, kabla ya trena, kabla ya viatu, kabla ya miwani. Nunua kubwa ya kusimama, iweke mbele yako usawa wa kifua, na fanya mazoezi alfajiri. Taulo weka juu ya usukani: chumvi ya jasho inaingia kwenye gololi za shingo ya baiskeli na kwenye skrubu, inazila taratibu. Fundi akija kufungua baada ya mwaka mmoja atakuuliza kama baiskeli ilizama kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu.

Kuna hesabu moja ambayo duka halitakufanyia. Saa nzima ya wati 200 ni sehemu ya tano ya uniti moja ya umeme. Kwa bei ya LUKU ya nyumba ya kawaida, kazi uliyofanya kwa saa nzima, ukikaribia kuzimia, haifikii shilingi 100. Na hata hizo hupati, kwa sababu mashine inazigeuza joto na kuziongeza kwenye chumba kilichokwisha kuwa tanuri, wakati feni, runinga na ruta vinakula uniti zako halali.

Wapo waliokanyaga baiskeli isiyoenda popote wakapata kitu. Mnoa visu anayepita mitaani huinua gurudumu la nyuma kwenye stendi, anafunga mkanda kwenye jiwe la kunolea, anakanyaga, na visu vya mtaa mzima vinatoka vinakata. Huyo ndiye bingwa wa mazoezi ya ndani wa Afrika Mashariki, na hajawahi kulipa ada ya mwezi. Jirani zetu Arusha wamekwenda mbali zaidi. Bernard Kiwia, aliyeanzia ufundi wa baiskeli, amevumbua vifaa vya kuendeshwa kwa pedeli, kikiwemo cha kuchaji simu, na amefundisha wengine wabuni vyao. Kampuni ya Global Cycle Solutions, iliyoanzishwa 2009, ilijulikana kwa mashine ya kupukuchulia mahindi inayofungwa kwenye baiskeli. Ukiona aibu mbele ya wakwe kwa kukanyaga bure, hapo pana dawa.

Na aibu itakuja. Mzee wa jirani atapita asubuhi kuchungulia kelele ni za nini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnyororo umekatika?"

"Hapana, mzee. Nafanya mazoezi. Nimefika kilomita ya kumi na mbili."

Mzee ataangalia magurudumu, ataangalia sakafu, atakaa kimya kwa adabu. Kisha atakuuliza kama kilomita hizo kumi na mbili zinaweza kupitia Kiboriloni, maana ana mfuko wa dagaa wa kuchukua.

Baada ya miezi miwili utaambukizwa namba. Utafanya jaribio la dakika 20: unakanyaga kadiri ya uwezo wako wote, unachukua wastani wa wati, unazidisha kwa 0.95, na jibu ndilo makadirio ya nguvu unayoweza kuishikilia kwa muda wa kama saa moja. Unaligawa kwa kilo zako. Namba inayotoka utaibeba kila mahali kama cheo. Mtori wa usiku utaanza kuuona kama kilo za kugawia, na mbege utaikataa msibani kwa sababu za kihesabu. Usifanye hivyo. Watu wa mlimani hawasahau aliyekataa mbege msibani.

Tena kumbuka kwamba kilo unajiandikia mwenyewe. Kwenye mbio za mtandaoni mtu wa kilo 90 anaweza kuandika 70 akapaa mlimani kama kunguru. Mashindano makubwa yanadai vipimo vya mizani, lakini tamaa ina milango mingi. Mwaka 2019 Cameron Jeffers alinyang'anywa ubingwa wa Uingereza wa mbio za mtandaoni, akapigwa faini ya pauni 250 na kufungiwa miezi sita. Kosa lake: alitumia programu iliyokanyaga kwa niaba yake hadi akapata baiskeli maalumu ya ndani ya mchezo, ile inayopewa mtu aliyepanda jumla ya mita 50,000. Baiskeli hiyo haipo duniani. Haina tairi, haina tandiko, huwezi hata kumwazima shemeji. Mtu mzima aliiba baiskeli ya kuchora na akafungiwa kweli.

Kwa haki nitaongeza kwamba mbio hizo zina heshima zake. Ubingwa wa kwanza wa dunia wa mtandaoni ulifanyika Desemba 2020. Kwa wanaume alishinda Jason Osborne, mpiga makasia wa Ujerumani, na kwa wanawake Ashleigh Moolman Pasio wa Afrika Kusini. Osborne alipata mkataba wa timu ya kulipwa. Kwa hiyo kama una mapafu ya mpiga makasia wa kimataifa, endelea.

Tuseme sasa umechoka na sebule, unataka kutoka. Hapa ndipo baiskeli yenyewe inapokuwa na maana, na ndipo pesa nyingi zinapopotea. Muuzaji atakuonyesha fremu ya kaboni, ataiinua kwa kidole kimoja, atakuambia chama cha baiskeli cha dunia kinakataza mashindanoni baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8, na hii imekaribia hapohapo. Utatetemeka. Kunywa maji kwanza, tupige hesabu.

Wewe una kilo 75. Baiskeli ya alumini ni kilo 10, jumla 85. Ukinunua ya kaboni ya kilo 7 umepunguza kilo tatu kati ya 85. Kwenye mlima wa saa moja, faida yako ni kama dakika mbili. Dakika hizo utazitumia kusubiri ng'ombe wavuke. Na kama ni kilo tatu unazozitafuta, unajua ziko wapi, zinakutangulia mlangoni.

Gia ni habari nyingine, na hapa ndipo ningeweka pesa yote. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, mtu wa jumla ya kilo 85 anayetoa wati 200 anakwenda takriban kilomita 10 kwa saa, awe Ufaransa au Marangu. Ukiwa na gia za zamani za mashindano, meno 39 mbele na 25 nyuma, miguu yako itazunguka mara 50 kwa dakika: kila mkanyago ni kama kupanda ngazi ukiwa na gunia, na magoti ndiyo yatakayolipa. Weka 34 mbele na 34 nyuma. Mwendo uleule, wati zilezile, miguu inazunguka karibu mara 80, na unaweza hata kuwaamkia wazee unaopishana nao. Baiskeli ya Phoenix ya mzee wetu, yenye gia moja ya meno 44 hivi mbele na 18 hivi nyuma, ingemlazimisha kukanyaga mara 30 tu kwa dakika kwa nguvu za kutisha. Ndiyo maana mtu mwenye Phoenix na mzigo wa majani ya ng'ombe akifika mwinuko anashuka na kukokota. Utampita. Usijipongeze: majani yale yanakwenda kuleta maziwa, wewe unapeleka nguo za likra tu.

Muuzaji atakuambia gia za 34 kwa 34 ni za wazee. Mwambie ndiyo, na unataka kuwa mmoja wao.

Tairi: achana na zile nyembamba za milimita 23 ambazo bado zinauzwa kwa wasioshtuka. Wataalamu wenyewe wamehamia 28 na 30. Kwa njia zetu, zenye lami, kokoto, na miiba ya migunga ukielekea Kahe, chukua 32 kama fremu inaruhusu, na upepo usiujaze mpaka tairi liwe chuma. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni na msasa.

Halafu kuna vali, kitu kidogo ambacho kimewalaza wengi njiani. Tairi za mashindano hutumia vali nyembamba ya Presta. Mashine ya upepo ya kituo cha mafuta imetengenezwa kwa vali nene ya gari na pikipiki, haishiki. Utasimama pale Njia Panda ya Himo na baiskeli ya milioni kadhaa, umezungukwa na kompresa, bila pumzi ya kuweka. Dawa yake ni kipande cha shaba cha kuunganisha, cha bei ya chini kuliko soda au karibu sawa na soda. Nunua viwili, kimoja kifunge kwenye pampu, kingine kwenye ufunguo wa nyumba. Ni kifaa cha maana kuliko vyote vilivyotajwa katika mwongozo huu baada ya feni.

Kanuni yangu ya vifaa ni rahisi: kabla ya kununua, mwulize fundi wako wa baiskeli, yule wa chini ya mti mwenye beseni la maji. Kama atakishika na kusema, "Hiki nakiweza," nunua. Gia za umeme zinazochajiwa, breki za mafuta zinazohitaji kutolewa hewa kwa bomba maalumu, mnyororo wa gia 12 usiopatikana Moshi nzima: hivyo vyote ni vizuri, kwa mtu anayeishi nyuma ya duka lao. Breki za diski za kuvutwa kwa waya zinatosha, na waya fundi anao.

Mavazi. Jezi nenda soko la Memorial ukachambue mitumba. Zimo za timu kubwa za Ulaya kwa bei ya chakula cha mchana. Ukipata ya Quick-Step utakuwa unatangaza sakafu za kampuni ya Ubelgiji kwenye nyumba zenye sakafu ya saruji, lakini rangi yake inapendeza. Bukta yenye pedi nunua mpya. Pedi ile inakaa juu ya ngozi bila nguo ya ndani, na sitaongeza maelezo. Mtumba una mipaka. Mfukoni weka suruali nyepesi, kwa sababu utakutana na mchungaji, au mama mkwe, au wote wawili wakitoka sokoni, na likra haina adabu.

Viatu vya kubana kwenye pedeli vinaongeza raha lakini vina sadaka yake. Kila anayevianza huanguka akiwa amesimama, polepole, kwa ubavu, akisahau kwamba miguu imefungwa. Mahali pa kuanguka huchagui wewe: itakuwa pale palipo na bodaboda kumi na mama ntilie wawili. Fanyia mazoezi kwenye nyasi nyuma ya nyumba. Helmeti haina mjadala. Taa nyekundu ya nyuma iwake hata mchana, dereva wa lori akuone kabla hajaamua kulipita basi.

Na usisikilize anayesema bila vifaa vya Ulaya hutafika popote. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza kwenye barabara za vumbi za Kikuyu akimfuata David Kinjah, na baadaye akashinda Tour de France mara nne. Biniam Girmay wa Eritrea alichukua hatua tatu za Tour ya 2024 pamoja na jezi ya kijani. Usisikilize pia anayekuambia kwamba ukifika Lango la Marangu uendelee. Mwishoni mwa 1984 binamu wawili Waingereza, Nick na Richard Crane, walifikisha baiskeli zao hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, mara wakizipanda, mara wakizibeba mgongoni. Waliandika kitabu. Wewe una kazi Jumatatu.

Ukifika langoni kunywa chai, vaa koti, na ujue kazi ngumu imebaki. Njia ya kurudi Himo ni mteremko mrefu wa kona, wenye matuta yasiyo na alama, watoto wa shule, mikungu ya ndizi pembeni na mbwa wenye maoni yao. Trena haifundishi kushuka, na hakuna wati zitakazokusaidia; mwendo wa kilomita 50 kwa saa unakuja wenyewe bila kukanyaga. Breki za kubana rimu zikishikiliwa muda mrefu hupata moto, na rimu za kaboni hazipendi moto. Bana kwa nguvu, achia, bana tena. Mikono ikae chini kwenye usukani. Punguza kabla ya kona, usipunguze ndani yake. Mvua ikikukuta huko juu, ngoja ipite kwenye baraza la duka, hata kama ni saa nzima.

Kabla hujaondoka nyumbani, peleka baiskeli kwa fundi akague raba au pedi za breki, waya za mbele na nyuma, na kubana kwa magurudumu. Mlipe vizuri. Tena aikague ikiwa bado Chekereni, kwa sababu kule Marangu mteremko unaanzia getini.